Gasketi ya Silinda Hedi Ikiungua

Gari likichemsha kwenye mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, madereva wengi huongeza maji kwenye rejeta na kuendelea na safari. Maji yakipungua tena bila kuvuja popote, gasketi ya silinda hedi ichunguzwe mara moja.

Gasketi hiyo hutenganisha moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua, vitu hivyo huingiliana.

Fundi makini husubiri injini ipoe, maana mvuke wa rejeta ya moto huunguza vibaya. Kisha hutazama chini ya mfuniko wa oili: ute wa rangi ya chai ya maziwa huashiria maji yameingia, ingawa safari fupifupi nazo huacha unyevu humo. Huwasha injini rejeta ikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya. Moshi mweupe mzito usiokatika injini ikishapata moto ni dalili nyingine.

Kipimo cha kompresheni hupunguza ubishi: silinda mbili jirani zikisoma chini kuliko nyingine, huenda gasketi imekatika katikati yake.

Silinda hedi ikaguliwe pia isiwe imepinda. Ikifungwa hivyo hivyo, hata gasketi mpya itaungua.