Yule Mwenye Namba Sita



Nimepewa dakika kumi kuzungumzia maadili nanyi, waamuzi wapya mlioketi mbele na filimbi zinazong'aa shingoni. Mwamuzi mstaafu akipewa dakika kumi lazima aongeze za majeruhi, kwa hiyo mnivumilie. Kanuni mmefundishwa na watu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nitasema juu ya jambo moja dogo, namna mwamuzi anavyomtaja mtu.

Tarehe 8 Desemba 2020, usiku, uwanja wa Parc des Princes mjini Paris. Ligi ya Mabingwa Ulaya, Paris Saint-Germain na İstanbul Başakşehir ya Uturuki. Korona ilikuwa imefunga mageti, majukwaa matupu, na kila kilichosemwa pembeni mwa uwanja kilinaswa na vipaza sauti vya televisheni. Bado ni 0-0, robo saa haijatimia, benchi la Başakşehir likachachamaa. Mwamuzi wa akiba, Sebastian Colțescu wa Romania, akamwambia mwamuzi wa kati, Mromania mwenzake Ovidiu Hațegan, kwamba kuna mtu pale anastahili kadi nyekundu. Mtu gani? Akajibu kwa lugha yao: yule pale, yule mweusi, nenda ukaangalie ni nani.

“Yule mweusi” alikuwa Pierre Webó, kocha msaidizi. Ameichezea timu ya taifa ya Kameruni, amefunga mabao Hispania, amefunga Uturuki. Na alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka alipokuwa Colțescu.

Webó akaja juu. Lakini aliyenifanya niinuke kwenye kiti usiku ule ni Demba Ba, Msenegali, aliyekuwa mchezaji wa akiba. Alimfuata mwamuzi akamuuliza swali, tena bila tusi hata moja. Alisema, kwa maneno yangu mimi: ukimtaja mzungu husemi “yule mzungu”, unasema “yule jamaa” na inatosha. Kwa nini akiwa mweusi lazima useme “yule mweusi”? Swali hilo halikupata jibu. Timu zote mbili zikatoka uwanjani, Waturuki na wenyeji wao, na usiku ule hawakurudi. Kesho yake waliletwa waamuzi wengine chini ya Mholanzi Danny Makkelie, wachezaji wakapiga goti kuzunguka duara la kati, mechi ikaendelea kutoka ilipoishia. Paris wakashinda 5-1. Matokeo nayataja kwa sababu najua kuna atakayeniuliza nje.

Sasa wapo waliomtetea Colțescu, na utetezi wao si wa kutupwa. Kwa Kiromania neno alilotumia ni jina la rangi tu, kama sisi tunavyosema mweusi. Hakutukana. UEFA nao walipochunguza walimfungia hadi mwisho wa msimu kwa mwenendo usiofaa, hawakumtia hatiani kwa ubaguzi. Nami sijasimama hapa kusema Colțescu ni mbaguzi. Moyo wa mtu ni kiza kinene, na kamera za televisheni haziufikii.

Siku chache kabla ya mechi ile ya Paris, Edinson Cavani wa Manchester United alikuwa amemwandikia rafiki yake mtandaoni “gracias, negrito”, yaani “asante, mweusi mdogo”. Akafungiwa mechi tatu na kutozwa pauni 100,000. Kwao Uruguay neno hilo ni la kubembelezana. Mimi naona adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi, na sioni haya kulisema. Cavani alikuwa akimshukuru rafiki anayemjua. Colțescu alikuwa akimtambulisha mtu ili aadhibiwe, na alikuwa na njia nyingine za kumtambulisha.

Hapo ndipo nataka mtulie kidogo, maana hapo kazi yenu inaingia.

Kabla ya mechi, waamuzi hukabidhiwa orodha. Ina majina ya wachezaji, ina majina ya benchi zima la ufundi na cheo cha kila mmoja. Tangu msimu wa 2019/20 sheria za mchezo zimeruhusu kadi kwa watu wa benchi, kwa hiyo orodha ile si pambo. Na sheria haikuishia hapo. Ikiwa kosa limetendwa benchini na mkosaji hajulikani, adhabu inamwangukia kocha wa ngazi ya juu aliyepo kwenye eneo la ufundi. Yaani watunga sheria walikaa wakajiuliza: mwamuzi asipomjua mtu afanye nini? Jibu wakaliandika. Colțescu angeweza kusema kocha msaidizi. Angeweza kusema yule wa tatu kutoka kulia, yule aliyesimama, yule anayepunga mkono. Badala ya yote hayo ulimi wake ulichukua lililokuwa karibu zaidi. Na rangi inakuwa karibu na ulimi pale tu ambapo wengine wote waliopo unawaona hawana rangi.

Mtaniambia, mzee, hayo ni ya Ulaya. Sisi mtaani tunaitana mweusi tii, maji ya kunde, na hakuna anayeshtaki. Kweli. Lakini ngoja niwape langu.

Miaka mingi iliyopita nilishika kibendera kwenye fainali ya mashindano ya vijana huku Pwani. Beki mmoja akacheza rafu nyuma ya mgongo wa refa. Refa akanijia mbio: nani? Nikamwambia, “Yule Mwarabu.” Kijana akaitwa, akaonyeshwa kadi yake ya njano, hakubisha. Alipokuwa akirudi kwenye nafasi yake akapita karibu na mstari wangu, akaniambia taratibu, “Mwalimu, mimi nina namba.” Akanigeuzia mgongo. Sita, kubwa, nyeupe kwenye jezi ya kijani. Kijana mwenyewe amezaliwa Pangani, na babu yake amezaliwa Pangani, kama nilivyokuja kujua baadaye. Uwanjani walikuwa ishirini na wawili, na mimi ishirini na mmoja nilikuwa nikiwataja kwa namba tangu asubuhi.

Sikumwomba radhi. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikunja kibendera nikapanda basi. Kadi ilikuwa halali, nilijiambia, na kweli ilikuwa halali.

Kelele za nyani kutoka majukwaani ni jambo jingine, na ni rahisi kuzihukumu. Mchezaji Vinícius Júnior alitukanwa pale uwanja wa Mestalla, Valencia, Mei 2023, na mwaka uliofuata mahakama ya Hispania ikawahukumu watu watatu kifungo cha miezi minane. Tusi la namna ile hata mtoto analitambua. Mmefundishwa hatua tatu za kuchukua: kusimamisha mchezo, kuwatoa wachezaji kwa muda, na mwisho kuuvunja. Zifuateni, wala msisubiri kubembelezwa.

Ila kumbukeni na la mchezaji Sulley Muntari. Aprili 2017, huko Cagliari, Italia, alimwendea mwamuzi kulalamika kwamba anatukanwa kwa rangi yake. Akapewa kadi ya njano kwa kulalamika. Akaondoka uwanjani kwa uchungu, akapewa ya pili kwa kuondoka. Kosa lake la kwanza lilikuwa kusema. Marufuku ya kucheza aliyopewa ilikuja kufutwa kwa rufaa, lakini dakika zile pale uwanjani nani angemrudishia? Mchezaji akikujia na neno kama hilo, mfuko wa kadi uache kwanza, msikilize.

Kesho saa mbili na nusu mnaanza mechi zenu za majaribio. Nimekwisha kumwomba kamisaa orodha za mabenchi zifike mikononi mwenu nusu saa kabla, si dakika tano kama tulivyozoea. Mwamuzi wa akiba aende benchini na karatasi yake, asalimie, ayasome majina kwa sauti, mmoja mmoja, na kila mtu aitike. Jina likikushinda kulitamka, muulize mwenyewe. Halafu mje mtafute maji, jua la hapa mnalijua.