Nani Anaandaa Mechi? Ajira na Kujitolea katika Uongozi wa Michezo, kwa Kutazama kutoka Tunduma



Mwanafunzi wa menejimenti ya michezo ana swali ambalo haliishi: "Mwalimu, nikimaliza nitaajiriwa wapi?" Ni swali la haki. Mzazi aliyeuza kahawa Mbozi au mpunga Kamsamba ili alipe ada anastahili jibu, na jibu lenyewe lisiwe la kumpoza. Langu ni hili. Kazi ya kuongoza michezo ipo na inafanyika kila wiki katika mkoa huu wa Songwe, ila inafanyika bila jina, bila maandishi, na mara nyingi bila malipo. Atakayeajiriwa kesho ni yule atakayeanza leo kuifanya kwa maandishi. Mlango wa kuingilia ni kujitolea, na kujitolea kwenyewe kuna masharti yake, ambayo nitayasema bila kuyazungusha.

Tuchukue mechi moja ya kirafiki: timu ya Tunduma inaikaribisha timu ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Miji hii imeshikana, watu wanavuka kwenda sokoni na kurudi, na anayetazama mechi hiyo ataona dakika tisini tu. Mimi nataka tutazame wiki mbili zilizotangulia.

Jambo la kwanza ni saa. Barua ya mwaliko ikiandika kwamba mpira unaanza saa kumi jioni bila kutaja ni saa ya nchi ipi, shughuli imeshaharibika, kwa sababu saa kumi ya Tunduma ni saa tisa upande wa pili. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Wageni watafika waamuzi wakiwa wameshakunja bendera, na kila upande utaapa kwamba ulikuwa sahihi. Mwandaaji anayejua kazi yake huandika saa zote mbili katika kila karatasi, kuanzia mwaliko hadi ratiba ya dereva.

Halafu kuna vibali. Mechi ya klabu za nchi mbili haipangwi kwa simu ya makatibu peke yake. Shirikisho la mpira la Tanzania, TFF, na chama cha mpira cha Zambia, FAZ, wanapaswa kujua na kuridhia, na maombi hupitia chama cha wilaya na cha mkoa. Kisha unafika mpakani. Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja hapa Tunduma, taratibu za kutoka nchi moja na kuingia nyingine zimewekwa pamoja, na hilo limepunguza sana usumbufu. Lakini kituo hakikuandalii orodha ya wachezaji. Jina lililoandikwa kwenye orodha ya timu likipishana herufi mbili na lile la kwenye hati ya kusafiria, mchezaji atabaki benchi la uhamiaji. Mipira mipya na seti mbili za jezi ndani ya basi zitaulizwa: ni bidhaa za kuuza, au ni vifaa vitakavyorudi? Aliyekuja na orodha ya vifaa, yenye idadi na saini ya klabu, anajibu kwa dakika chache. Asiyekuwa nayo anaanza kupiga simu. Na nje ya hapo kuna foleni ya malori, ambayo kila mkazi wa Tunduma anaijua, na ambayo haipishi basi kwa sababu tu lina wachezaji.

Bado sijafika uwanjani, kwenye gari la wagonjwa, polisi, huduma ya kwanza, maji, vyumba vya kubadilishia, mlango wa watazamaji na hesabu ya viingilio. Sijataja ripoti ya baada ya mechi, ambayo karibu kila mara huachwa, na kwa hiyo makosa ya mwaka jana yanarudi mwaka huu kama mapya.

Sasa nauliza: ni nani katika mji huu tayari ana ujuzi huo wa nyaraka, foleni, muda na watu wa ofisi tofauti? Ni mawakala wa forodha. Tunduma imejaa ofisi zao. Kijana wa hapa ambaye mjomba wake ni wakala amekulia ndani ya nusu ya taaluma yetu bila kuambiwa. Mashauri yangu kwa wanafunzi wanaotoka Songwe, pamoja na wenzao wanaosoma Mbeya na Iringa, ni kwamba kabla ya kulilia nafasi ya mafunzo kwa vitendo (field) katika klabu kubwa ya Dar es Salaam, waombe mwezi mmoja katika ofisi ya namna hiyo. Klabu zetu zinazocheza mashindano ya Afrika zinasafiri kila msimu, na mtu anayeweza kuvusha msafara wa watu na mizigo bila kuchelewa ni adimu kuliko mnavyodhani.

Nije shuleni, maana huko ndiko kazi ilikojaa zaidi. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulirithi wajibu wa kupeleka timu zake wenyewe UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na UMISSETA, ya shule za sekondari. Halmashauri ni tano: Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Kila moja inachuja timu zake kutoka shuleni hadi wilayani, kisha mkoani. Mzigo huu hubebwa na maafisa michezo wachache, na walimu wenye vipindi vyao vya darasani. Nyote mnajua maneno mawili yanayofuatana na mashindano haya: vijeba na mamluki. Kijana wa miaka kumi na minane anachezeshwa na watoto wa darasa la sita, au mchezaji asiyesoma shule hiyo anavalishwa jezi yake. Hasira za wazazi huishia kwa mwamuzi, ilhali tatizo lilizaliwa kwenye meza ya usajili.

Meza hiyo ndiyo ninayowaombea wanafunzi wetu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akae na rejista ya shule, cheti cha kuzaliwa na fomu ya mchezaji mbele yake, alinganishe majina, tarehe na picha, aandike panapopishana, ampelekee afisa michezo taarifa yenye saini. Kazi hiyo haina shangwe, lakini inamlinda mtoto aliyenyimwa nafasi yake. Pia inamfundisha mwanafunzi uadilifu wa kumbukumbu, na bila uadilifu huo hakuna shirikisho litakalomwamini na mashindano yake. Niongeze la kambini: anayejitolea kulala na watoto kambini lazima achunguzwe kwanza, atambulishwe kwa maandishi, na asiachwe peke yake nao. Wasichana wawe na matroni. Hapa sitakubali visingizio vya uhaba wa watu.

Ngazi ya juu mnaijua zaidi, kwa hiyo sitakaa sana huko. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha ya kiasi hicho inataka watu wa mikataba, wa masoko, wa takwimu, wa kuratibu siku ya mechi. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nayo haiiruhusu klabu kucheza mashindano yake bila leseni, na leseni hiyo inapima mambo matano: michezo, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Tazameni vizuri orodha hiyo. Mambo manne kati ya matano yanamhitaji mtu asiyepiga mpira kabisa. Barbara Gonzalez alipoteuliwa kuwa Mtendaji Mkuu wa Simba mwaka 2020, hakupitia njia ya uchezaji, na binti yeyote aliyeko humu anaweza kuishika nafasi ya aina hiyo. Wengi wenu mnamfahamu ofisa habari wa klabu kwa sababu anasikika redioni kila asubuhi. Nyuma yake yuko ofisa usalama, mhasibu, mratibu wa usafiri na mtu wa tiketi, ambao majina yao hamyajui, na ambao kwa kweli ndio wengi.

Wala si mpira wa miguu tu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mashindano hayo. Baada ya ushindi ule, mji wowote wenye barabara nzuri na hali ya hewa ya baridi una sababu ya kuandaa mbio. Mbozi ina vyote viwili, ina mashamba ya kahawa, na ina Kimondo ambacho wageni wanakifuata kutoka mbali. Mbio za barabarani zinataka mpimaji wa njia, wasimamizi wa vituo vya maji, watu wa muda, watu wa usafi. Kikundi cha vijana kinachojifunza kuziendesha vizuri mara moja kitaalikwa wilaya ya jirani, na hapo biashara imeanza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sioni kwa nini kikundi cha huduma za michezo kisiombe kama wanavyoomba wafugaji wa kuku.

Tumebakiza lile kubwa lililo mbele yetu. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya mwaka 2027. Agosti 2025 tulifanya jaribio pale CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipofunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ikaifunga Burkina Faso 2-0. Mashindano makubwa popote duniani yanasimama juu ya mabega ya wanaojitolea: London mwaka 2012 walikuwa takriban 70,000, Paris mwaka 2024 takriban 45,000. Hakuna mechi itakayochezwa Tunduma, najua. Lakini wanaokuja kwa barabara kutoka kusini watapita hapa. Tanzania na Zambia zilikuwa kundi moja AFCON iliyochezwa Ivory Coast. Pale San Pedro, Januari 2024, Msuva wetu alifunga, Daka wa Zambia akasawazisha dakika za mwisho, na pande zote mbili za mpaka huu watu walikuwa mbele ya televisheni. Zambia ikifuzu, mashabiki watavuka. Watahitaji meza ya maelekezo, mtu anayezungumza Kiswahili, Kiingereza na Kibemba, ratiba ya mabasi na ya treni ya TAZARA, na mtu wa kuwaambia kwamba uwanja wa ndege unaoitwa Songwe uko Mbeya, wala hauko katika mkoa wa Songwe. Vijana wa Tunduma wanazo lugha hizo tangu utotoni. Waandikishwe mapema, wafundishwe mapema.

Nimefika kwenye masharti niliyoahidi. Nimeona wanafunzi wakibebeshwa viti siku nzima, wakapewa fulana na ahadi ya cheti ambacho hakikutoka. Huko ni kumtumia mtu, na kunawafukuza vijana wenye uwezo, hasa watoto wa maskini wasio na nauli ya kurudi kesho yake. Kwa hiyo naomba kila chama cha michezo na kila halmashauri ya mkoa huu isimpokee mwanafunzi bila barua. Barua itaje kazi yake kwa sentensi mbili, msimamizi wake kwa cheo, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, saa za kazi, na nani analipa nauli, chakula na matibabu akiumia. Mwishoni apewe maelezo ya alichokifanya, si cheti chenye maua na jina tupu. "Alisimamia usajili wa wachezaji wa shule kumi na mbili" ni sentensi ambayo mwajiri anaweza kuipima. "Alishiriki kikamilifu" haimwambii kitu. Kazi ikizidi miezi mitatu na ikaonekana haiwezi kwenda bila yeye, huyo si mtu wa kujitolea tena. Atafutiwe mkataba na malipo.

Nanyi wanafunzi, barua hiyo ina upande wenu. Ukikubali saa mbili asubuhi, ufike saa mbili kasoro. Daftari lako liwe na kila tukio, hata lile lililokuumbua. Ajira za Afisa Michezo serikalini ni chache na zinagombewa, na wenzenu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya wanaziomba pia. Wengi wenu mtapita kwanza kwenye shule binafsi, akademia, vituo vya mazoezi, redio za mkoani na kampuni za matukio. Msizidharau. Huko ndiko mtu anakopewa dhamana akiwa na miaka ishirini na tatu.

Kwenye meza ya mlangoni nimeweka mfano wa barua hiyo, ukurasa mmoja, hudaiwi senti. Makatibu wa vyama na maafisa michezo, chukueni, rekebisheni panapohitaji, mwanze nayo kabla timu za shule hazijaanza kuchujwa. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na walimu wa michezo waliotoka Ileje na Momba, kwa sababu safari yao ya kurudi ni ndefu.