Uvimbe Usioisha: Tupige Picha Mapema

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafikishia habari. Ya leo inahusu sarkoma, saratani inayoanza kwenye mifupa, misuli, mafuta na nyama nyingine laini za mwili. Haionekani mara kwa mara, na ndiyo maana huchelewa kutambuliwa.

Sarkoma ya mifupa huwapata zaidi vijana wanaokua, hasa karibu na goti. Kijana wa Rongo au Ndhiwa akilalamika goti, tunasema ameumia mpirani. Anakandwa, anapewa dawa ya maumivu, miezi inapita. Lakini jeraha la mpira hupungua siku hadi siku. Maumivu ya sarkoma huongezeka, na aghalabu humwamsha mtoto usiku.

Hatua ya kwanza ni eksirei, ambayo huonyesha mfupa ulioliwa au unaoota vibaya. Uvimbe wa nyama laini huweza kuangaliwa kwanza kwa altrasaundi. Kukiwa na shaka, mgonjwa hupewa rufaa ya skani ya MRI, inayoonyesha uvimbe umefika wapi na kama umegusa neva au mishipa ya damu. Skani ya CT ya kifua hukagua mapafu, maana huko ndiko sarkoma husambaa mara nyingi.

Picha peke yake haithibitishi saratani. Lazima kipande kidogo kitolewe, mara nyingi kwa sindano, kipimwe maabara. Picha humwelekeza daktari pa kuchoma, na baadaye humwonyesha mpasuaji kama mguu unaweza kuokolewa. Kwa hivyo tusikubali uvimbe wenye shaka ukatwe kabla ya kupigwa picha. Ukikatwa vibaya, saratani inaweza kuenea kwenye nyama za karibu.

Mnapotembelea boma, ulizeni: Uvimbe unakua? Umezidi sentimita 5, karibu urefu wa yai la kuku? Umezama ndani? Unauma usiku? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, jazeni fomu ya rufaa.

Wakumbusheni wazazi kujisajili na SHA kabla ugonjwa haujabisha hodi, na kuhifadhi kila picha ili isirudiwe hospitali nyingine. Mama mjamzito aseme kabla ya kupigwa eksirei.