Jeraha la Boti ya Faiba: Kulipima na Kulitengeneza

Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu, katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama



Nimeagizwa niseme juu ya boti zetu za faiba, jinsi zinavyoumia na jinsi zipasavyo kutengenezwa. Najua ya kuwa wengi walioketi hapa ni watu wa minazi na mihogo, na yamkini watajiuliza boti zinawahusu nini. Zinawahusu, kwa sababu zimenunuliwa kwa fedha ya Chama kizima, na ile ya matembezi, ipelekayo wageni kwenye fungu la mchanga, hulipa sehemu ya mkopo wetu kila mwezi. Ikilala ufukoni, mkopo haulali. Tena hupakia roho za watu.

Wazee wetu waliunda vyombo vya mbao, na kila mtoto wa pwani amepata kumtazama fundi akikalafati kwa pamba na mafuta. Ubao ukioza huonekana, na ukivuja huonyesha mahali. Faiba sivyo. Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikashikanishwa kwa rezini, yaani utomvu wa kiwandani ambao ukiisha kuganda hauyeyuki tena. Maarifa haya si ya kale: miongoni mwa boti za kwanza za namna hii hutajwa ile aliyoiunda Ray Greene katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1942. Juu ya tabaka hizo kuna ngozi ing'aayo, ambayo mafundi huiita jelikoti, unene wake kiasi cha nusu milimita tu. Ngozi hiyo ni ya kuzuia maji na kupendeza macho. Nguvu ya chombo iko nyuma yake. Basi atazamaye ngozi peke yake hajaiona boti.

Nyufa zilizotawanyika kutoka mahali pamoja kama miale ya jua ni alama ya pigo: nanga iliyoangushwa, nguzo ya gati, au jiwe. Nyufa ziendazo sambamba, hasa karibu na taruma au kwenye kona, ni alama kwamba gamba linapindapinda chombo kinapokwenda; hapo kuziba ufa ni kazi bure mpaka mahali pale paongezwe nguvu kwa ndani. Malengelenge yatokeayo chini ya mstari wa maji ni jambo la tatu. Maji hupenya jelikoti polepole kwa muda wa miaka, yakakutana na chembe zinazoyeyuka ndani ya rezini, yakafanya tindikali yenye harufu kama ya siki. Atakayelitoboa lengelenge na avae miwani, maana maji yake huruka. Yafaa wenzetu wa maziwa makuu wajue kwamba maji baridi huleta malengelenge zaidi kuliko maji ya chumvi.

Lakini jicho halitoshi. Mama anunuaye fenesi sokoni hulipiga kwa kidole akasikiliza, na gamba la boti hupimwa vivyo hivyo. Chukua mpini wa bisibisi, gonga polepole, shibiri kwa shibiri. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Penye tabaka zilizoachana sauti ni nzito, imekufa. Tia alama kwa penseli kila sauti inapobadilika, nawe utaona ramani ya jeraha lenyewe, ambayo mara nyingi huwa kubwa kuliko ufa ulioonekana. Usisahau tezi, pale mashine inapofungwa. Katika boti nyingi ndani ya faiba ya pale mna ubao, na maji hupitia matundu ya bolti yakauozesha ubao huo hali nje kunang'aa. Toboa tundu dogo kwa ndani: vumbi likitoka jeusi na bichi, ubao umekwenda.

Nitatoa mfano mmoja bila kutaja jina la mtu. Boti ya chama kimoja cha msingi iligonga mwamba wakati wa kusi. Tundu lilikuwa dogo kama kiganja. Fundi alijaza fila siku ile ile, akapaka rangi, na boti ikarudi majini kabla ya magharibi. Haikupita miezi miwili fila ikadondoka, na gamba lilipogongwa, ile sauti iliyokufa ilienea dhiraa nzima kila upande. Mimi simlaumu sana fundi yule. Aliyemwambia amalize siku hiyo hiyo ndiye wa kuulizwa. Fila haina nyuzi ndani yake. Ni ya kusawazisha uso, haibebi uzito wa wimbi.

Matengenezo ya kweli huanza kwa kukata. Sehemu yote iliyoachana iondolewe mpaka ufikie faiba nzima. Kisha osha kwa maji baridi mara nyingi ili chumvi itoke, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu, halafu kausha kivulini penye upepo. Je, ni siku ngapi? Yaweza kuwa nne, yaweza kuwa wiki tatu. Boti ndiyo itakayosema. Bandika kipande cha nailoni nyeupe ionyeshayo, uzibe kingo zake zote, ukiache hapo. Ukikuta matone chini yake, bado. Kwa ajili hiyo kazi kubwa yafaa ifanywe kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, wala si katikati ya masika.

Gamba likikauka, lifute kwa asetoni kwanza, ndipo upige msasa. Ukitanguliza msasa, utaisukuma nta na mafuta ndani. Kingo za tundu zichongwe kwa mshazari mrefu: kwa kila milimita moja ya unene, milimita 12 za mteremko. Gamba la milimita 6 lataka mteremko wa milimita 72 pande zote. Watu huona ni kuharibu mahali pazima, lakini kiraka hushikwa na upana wa mteremko huo, hakishikwi na kingo.

Sasa Mweka Hazina anisikilize. Tundu la sentimita 20 kwa 20 katika gamba hilo, pamoja na mteremko wake, huwa kiraka cha sentimita 34 kwa 34. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita moja, basi yatakiwa mikeka sita ya ukubwa unaozidiana. Jumla yake ni kama gramu 200 za mkeka na nusu kilo ya rezini. Kwa hiyo vifaa si ghali. Kilicho ghali ni zile siku za kukausha, na hizo ndizo tunazoziiba.

Hadina, ile dawa ya kugandisha, hupimwa kwa mizani: gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini, na kwenye joto letu karibu na 10. Pungufu ya hapo rezini haigandi sawasawa, hata ingoje mwezi. Usilaze zaidi ya mikeka mitatu kwa mara moja, maana rezini hutoa joto inapoganda, na joto likizidi huipasua. Hadina ikiingia jichoni yaweza kupofusha: osha kwa maji mengi dakika 15 bila kupumzika, kisha hospitali. Wala isichanganywe kamwe na kobalti peke yake, kwani hulipuka. Vumbi la faiba nalo lataka barakoa na mikono mirefu.

Iko pia epoksi, ishikayo gamba kuukuu vizuri kuliko rezini ya kawaida ya poliesta, ila ni ghali zaidi. Anunuaye aulize, kwa kuwa mikeka mingi imefungwa kwa gundi isiyoyeyuka katika epoksi. Bora kitambaa kilichofumwa. Na poliesta haishiki vema juu ya epoksi, basi aliyeanza na epoksi amalize nayo.

Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano uamue mambo matatu. Lijengwe banda la makuti la kukaushia boti, na minazi yetu itatoa makuti. Inunuliwe mizani ndogo ya gramu. Tena kila boti iwe na daftari lake, liandikwe kila pigo siku lilipotokea, na nahodha atakayeandika asikatwe hata senti moja. Kanuni yetu ya sasa humkata nahodha kwa kila mkwaruzo. Ndiyo maana mikwaruzo haitajwi, nasi huijua chombo kikiwa tayari kina maji, na wageni wameketi ndani.