Vyombo vya Fedha vya Japani na Wachongaji wa Tabaka
(Hotuba kwa wakazi wa Isebania)



Huenda mkashangaa kuletewa habari za fedha ya Japani katika mji huu wa mpakani, ambapo watu hungoja zaidi habari za bei ya mahindi. Nisemapo fedha sina maana ya pesa za mfukoni, bali madini yenyewe meupe.

Zamani mafundi wa Japani walizipamba panga za mashujaa walioitwa samurai kwa dhahabu na fedha. Mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa katika mavazi rasmi. Mafundi wengi wakabaki na ujuzi mikononi, na wateja hakuna.

Baadhi yao waligeukia mitungi ya maua, vyetezo na vyombo vya chai vya kuuzwa Ulaya na Marekani. Bamba la fedha hulazwa juu ya lami, likagongwa kwa nyuma hata mnyama atokeze mbele. Kisha hugeuzwa, na magamba au manyoya yakachorwa moja moja. Hivyo walifanya joka lililouzunguka mtungi, au korongo na kobe, ambao kwao ni alama za maisha marefu. Husemwa kwamba korongo huishi miaka elfu na kobe elfu kumi. Mimi sijaonana na mtu aliyehesabu.

Katika Maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, Suzuki Chokichi alionyesha mwewe 12 wa shaba na madini mengine, fedha ikiwamo. Jina lake lajulikana hata leo. Chini ya vyombo vingi vya namna hii pamechorwa neno «jungin», maana yake fedha safi, na mara nyingi jina la fundi. Jina hilo hupandisha bei.

Sasa tupande barabara ya Kisii mpaka Tabaka. Huko viboko na tembo huchongwa kwa jiwe laini, husuguliwa kwa msasa na maji, kisha hung'arishwa kwa nta. Ni kazi ya kustahiwa, na yasafirishwa nchi za mbali. Lakini geuzeni sanamu hizo: nyingi hazina jina la mtu. Herufi chache zachorwa kwa ncha ya kisu. Mchuuzi wa kati huenda asipendezwe, kwa kuwa mnunuzi akilijua jina aweza kumwendea mchongaji mwenyewe.