Vyama vya Wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za vyama vya raia katika mitaa ya Mombasa. Mtu akitajiwa mji huu, mara huikumbuka Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akahesabu vita vilivyopiganwa juu ya kuta zake. Leo nawaomba tuipe ngome mgongo, tupite vichochoro vya Mji wa Kale, tupige hodi katika nyumba za wanawake. Humo nako mlijengwa jambo la kudumu.

Wazee wanaikumbuka lelemama. Ilikuwa ngoma ya wanawake, yenye vyama vyake, viongozi wenye vyeo, nguo za sare na michango. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na mashindano makali. Chama kimoja kikifanya karamu, cha pili hakilali mpaka kifanye iliyo kubwa zaidi. Wako waliolaumu wakasema huo ni ubadhirifu, na kwa hakika fedha nyingi zilikwenda bure. Lakini haifai kuhukumu kwa kutazama upande mmoja. Mwanachama akifiwa, au akiwa na arusi nyumbani, wenziwe walimjia kwa mikono na kwa fedha. Tena tukumbuke kuwa utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Na katika ngoma hizo mwanamke wa asili ya utumwa aliweza kupata mahali pa kusimama na kujulikana. Zaidi ya hayo, mwanamke ambaye desturi ilimweka nyumbani alijifunza humo kukusanya michango, kuongoza wenziwe, na kutii uamuzi wa wengi hata kama haukumpendeza.

Wakati huohuo palikuwa na sauti nyingine mjini, sauti ya elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani waamke, wasomeshe watoto wao, na wa kike wasiachwe nyuma. Wasichana wakaanza kwenda shule, wachache kwanza, kisha wengi.

Basi katika miaka ya 1950 mambo hayo mawili yalikutana, yaani ustadi wa kuendesha chama na kiu ya elimu. Vikaundwa vyama viwili vya namna mpya: Taasisi ya Wanawake wa Kiislamu, na Chama cha Utamaduni cha Wanawake wa Kiislamu. Mtu aweza kuuliza, kwa nini viwili katika mji mdogo? Jibu ni kwamba mashindano ya zamani hayakufa. Yalibadili nguo tu. Hata hivyo ni heri kushindana kwa mafunzo ya kushona, malezi ya watoto na misaada kwa wenye shida, kuliko kushindana kwa karamu.

Jambo kubwa lilitokea mwishoni mwa miaka hiyo. Wanaume wa Kiarabu walikwisha kupewa haki ya kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini wake zao na binti zao walinyimwa. Wanawake wa Kizungu katika Kenya walikuwa na haki hiyo tangu mwaka 1919. Wanawake wa Mombasa hawakukaa kunung'unika majumbani. Waliandika ombi, wakalitia saini, wakalipeleka serikalini. Fikirini, Mabwana, jinsi hatua ile ilivyokuwa ndefu kwa watu ambao hata kutoka mchana kwao kulikuwa na masharti. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, kila mtu mzima, mume kwa mke, alikuwa na haki ya kupiga kura.

Habari za wanawake wa zama hizo zimehifadhiwa. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa kitabu cha masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala, na Shamsa Muhamad Muhashamy, ambaye alikuwa mstari wa mbele katika vyama hivyo vipya. Ni vizuri vijana wetu wakisome, maana majina hayo hayakuchongwa juu ya lango lo lote.

Mafunzo yako wazi. Kwanza, tusidharau chama kwa sababu kimeanza na ngoma au na mchango wa senti chache; tutazame kinawafundisha nini wanachama wake. Pili, mashindano si adui, yakielekezwa penye faida. Tatu, haki haiji mlangoni kwa asiyeiomba, na ombi la mmoja ni jepesi kuliko la wengi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Ngome iliacha kuwa gereza mwaka 1958, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Kuta zake wageni huja kuzitazama. Kazi ya wanawake wale haionekani kwa macho namna hiyo. Lakini kila binti wa Mji wa Kale aendaye shule asubuhi, na kila mama asimamaye katika safu ya wapiga kura, anapita katika njia waliyoifyeka wao.