Karatasi za Madai ya Mali Iliyoharibika au Kupungua
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema habari za karatasi. Wengine watacheka, maana kazi yetu ni mizigo wala si kalamu. Lakini mali ikipotea kati ya meli na ghala, mwenye mali hudai fidia, na hapo mwenye meli, bandari na mwenye lori kila mmoja humsukumia mwenzake. Asiye na karatasi ndiye alipaye, na mara nyingi huyo ni mfanya kazi.

Mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alichukua katoni za sabuni Kilindini. Ilikuwa usiku, alikuta zimekwisha pakiwa na kufunikwa turubai. Karani akamwambia, "Bwana, tia sahihi uende." Akatia. Nairobi zilipohesabiwa zikaonekana zimepungua 14. Hati ilisema mali yote imepokewa katika hali njema. Tajiri akaanza kumkata mshahara. Tulipokwenda kumtetea, sisi tulikuwa na maneno matupu, na tajiri alikuwa na sahihi.

Basi kazi kubwa ni lile neno liandikwalo juu ya hati kabla ya sahihi. "Imeharibika" haitoshi. Andikeni ni magunia mangapi, yana alama gani, yamefanya nini: yamechanika, yamelowa au yamepondeka. Usiporuhusiwa kuhesabu, andika "Sikuhesabu." Neno hilo moja lingemfaa sana mwenzetu.

Kwa kontena, nakilini nambari ya sili kabla ya kuikata, na iliyokatwa msiitupe. Ikiwa nambari ni ile ile ya hati ya shehena, na sili haikuguswa, lakini ndani mali ni pungufu, lawama yaelekea kwa aliyepakia huko mali ilikotoka, si kwenu mliofungua.

Magunia yaliyolowa yana fitina yake. Ni mvua ya gatini au maji ya bahari? Mkaguzi hutia tone la dawa iitwayo silva naitreti; penye chumvi hugeuka jeupe kama maziwa. Kwa hiyo msiyaanike wala kuyachanganya na makavu kabla hajafika. Pigeni picha.

Siku nazo zina hesabu. Kwa mali ya meli, Kanuni za Hague za 1924 zataka hasara ionekanayo iandikwe wakati wa kupokea, na isiyoonekana kwa macho iandikiwe barua katika siku 3. Bila hivyo huchukuliwa kwamba mali ilifika salama, mpaka mdai athibitishe vingine. Kesi nayo ifunguliwe kabla ya mwaka 1 kwisha. Barua ya madai hufuatana na hati ya shehena, ankara ya bei, karatasi ya hesabu, hati ya kupokelea na ripoti ya mkaguzi.

Sasa mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu! Kupungua tu kwa katoni si makusudi.

Ukipewa karatasi ya kukubali kukatwa, usiitie sahihi. Ilete ofisini kwetu pamoja na nakala ya hati. Shauri la dereva wa sabuni tumelipeleka kwa Afisa wa Kazi.